Utumwa wa Virginia haukushuka melini siku moja

Machi 1655 mahakama ya wilaya ya Northampton, katika koloni la Waingereza la Virginia, ilitoa hukumu ambayo mpaka leo inazua ubishi. Mlalamikaji alikuwa mkulima aitwaye Anthony Johnson, mwenye ekari 250 za ardhi, ng'ombe na watumishi. Alimshitaki jirani yake Mwingereza, Robert Parker, kwa kumchukua mtumishi wake John Casor na kumweka kwake. Casor mwenyewe alishikilia kwamba mkataba wake ulikwisha zamani na kwamba Johnson amemzidishia miaka saba. Mahakama haikumsikiliza. Iliamuru arudi kwa Johnson na kumtumikia maisha yake yote, na Parker akalipishwa gharama za kesi.

Ubishi unatokana na jambo moja: Johnson alikuwa Mwafrika, na Casor vilevile. Johnson aliingia Virginia mwaka 1621, akaandikwa kwenye orodha kama "Antonio, Mweusi", akapelekwa shamba la tumbaku kama mtu aliyenunuliwa. Miaka 34 baadaye yupo mahakamani anadai mtu mwingine ni wake, na anamshinda mzungu.

Mitandaoni kesi hii imegeuzwa fimbo. Wapo wanaoishika kusema utumwa wa Marekani ulianzishwa na mtu mweusi, kwa hiyo lawama zote zikome. Upande wa pili wapo wanaosimulia kana kwamba Agosti 1619, Waafrika walipokanyaga Virginia, mambo yote yalikuwa yameshapangwa: mweusi mtumwa, mzungu bwana, na watoto na wajukuu hivyo hivyo. Kosa lao ni lilelile, maana wote wanatafuta siku moja. Utumwa ule ulijengwa kwa miaka kama 65, hukumu moja leo, sheria nyingine kesho, na waliokuwa wakiujenga mara nyingi walikuwa wanatafuta jibu la shida iliyowakalia shingoni wakati ule: nani atavuna tumbaku, mtoto huyu ni wa nani, hawa vijana wenye bunduki tuwafanyeje. Kuuelewa inabidi kuanza mbali kidogo, na kampuni.

Biashara kabla ya nchi

Virginia haikuanza kama nchi, wala kama kimbilio la watu wa dini. Ilianza kama mtaji. Aprili 1606 Mfalme James wa Kwanza aliwapa wafanyabiashara wa London hati ya kuunda kampuni, kuuza hisa na kuchuma chochote watakachokikuta ng'ambo ya Atlantiki. Mfalme alitoa ruhusa, kampuni ikatoa fedha, na katika dhahabu na fedha itakayopatikana mfalme akajiwekea fungu moja katika kila mafungu matano.

Kwa nini kampuni? Kwa sababu njia nyingine ilishajaribiwa ikashindikana. Walter Raleigh, kipenzi cha Malkia Elizabeth, alikuwa amepeleka watu kisiwa cha Roanoke mwaka 1585 na tena 1587. Gavana John White aliondoka kwenda Uingereza kutafuta msaada, vita na Hispania vikamzuia, na aliporudi 1590 hakumkuta hata mmoja, pamoja na mjukuu wake aliyezaliwa kulekule. Koloni lilikuwa limemshinda mtu mmoja mwenye mfuko mnene. Hisa ziliwagawia wengi hasara.

Mtu aliyeiongoza kampuni ya Virginia kwa miaka mingi ya mwanzo, Sir Thomas Smythe, ndiye aliyekuwa pia mkuu wa East India Company, iliyopata hati yake mwaka 1600 kwenda kuchuma katika Bahari ya Hindi. Msomaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa sana. Mwaka 1888 Imperial British East Africa Company ilipewa hati ya aina hiyohiyo, ikatawala mpaka fedha zikaisha, na 1895 serikali ya Uingereza ikabeba mzigo. Virginia ilipitia njia hiyo zaidi ya karne mbili na nusu kabla yetu.

Meli tatu, Susan Constant, Godspeed na Discovery, ziliwashusha watu 104, wanaume na wavulana watupu, Mei 1607 kwenye kisiwa kidogo cha Mto James, makazi waliyoyaita Jamestown. Walikichagua kwa hofu ya Wahispania: maji yalikuwa ya kina cha kutosha kufungia meli karibu na ufukwe, na kilijificha ndani ya mto. Kwa mambo mengine kilikuwa balaa. Kilizungukwa na vinamasi, na maji ya mto wakati wa kiangazi yaliingia chumvi. Sehemu kubwa ya waliokuja walikuwa waungwana, watu ambao kwao jembe ni aibu, na walikuwa na ramani ya dhahabu vichwani. Kufika Januari 1608 waliobaki hai walikuwa 38.

Nchi yenyewe ilikuwa na wenyewe. Wenyeji waliiita Tsenacommacah, muungano wa makabila kama 30 chini ya Wahunsenacawh, ambaye Waingereza walimwita Powhatan. Watu wake walilima mahindi, na kampuni ilidhani chakula cha walowezi kitapatikana kwa kubadilishana shanga na shaba, au kwa nguvu ikibidi. Pete za miti mikongwe ya eneo lile zinaonyesha kwamba kati ya 1606 na 1612 palikuwa na ukame mkali kuliko wote katika karne zaidi ya saba. Mwenyeji ghala lake ni nusu, mgeni hajui kulima na anakuja na bunduki kudai mahindi. Vita vilifuata kama usiku unavyofuata magharibi.

Majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 wapiganaji wa Powhatan waliizingira ngome. Ndani walikuwamo watu kama 300. Walikula farasi, mbwa, panya na ngozi za viatu, kisha wengine wakala maiti. Kwa muda mrefu habari hiyo ya mwisho ilichukuliwa na baadhi ya watu kuwa uvumi wa maadui wa kampuni, mpaka mwaka 2012 wachimbuzi walipopata mabaki ya msichana wa miaka kama 14 yenye alama za kisu kwenye fuvu na taya. Masika yalipofika walikuwa wamebaki kama 60.

Kuhusu Pocahontas, binti wa Powhatan, sitakaa sana, maana watu wameshakaa vya kutosha. Kisa cha kumwokoa John Smith, mmoja wa viongozi wa walowezi, asipigwe rungu kilichapishwa na Smith mwenyewe mwaka 1624, wakati msichana huyo ameshakufa, na wanahistoria wengi hawakiamini. Mwaka 1607 alikuwa mtoto wa miaka kama 11. Lililo hakika ni kwamba Waingereza walimteka 1613, akabatizwa, Aprili 1614 akaolewa na mlowezi aitwaye John Rolfe, na 1617 akafia Gravesend, Uingereza, akiwa safarini kurudi kwao. Huyo Rolfe ndiye tunayemhitaji.

Jani linalokula watu

Tumbaku ya wenyeji wa Virginia ilikuwa kali na Waingereza hawakuipenda. Rolfe alipata mbegu tamu zaidi, za aina iliyolimwa na Wahispania huko Karibi, akaanza kuijaribu karibu mwaka 1612. Mwaka 1617 koloni lilipeleka London ratili 20,000 hivi. Kufika mwisho wa miaka ya 1620 ilikuwa zaidi ya milioni moja. Watu walilima tumbaku mpaka njiani mjini Jamestown.

Sasa, tumbaku ina tabia mbili ambazo zinaeleza karibu kila kilichofuata. Inachosha ardhi, baada ya mavuno matatu au manne shamba linabidi kuachwa, kwa hiyo mkulima anataka ardhi mpya daima. Tena inataka mikono mwaka mzima: kuotesha kitaluni, kuhamisha miche, kupalilia, kuua viwavi kimoja kimoja, kukata vikonyo, kuvuna, kuanika, kufunga kwenye mapipa. Ardhi ilikuwa ya watu wengine na mikono haikuwapo.

Kampuni ilikuja na mpango mwaka 1618 ambao uliyafunga matatizo yote mawili katika fundo moja. Yeyote atakayelipa nauli ya mtu kuja Virginia atapewa ekari 50. Ukileta watu kumi una ekari 500, nao ndio watakaozilima. Kijana wa Kiingereza asiye na kitu alisaini mkataba wa kutumika miaka minne hadi saba ili kulipia nauli ambayo mtu mwingine ameigeuza ardhi. Mkataba huo ungeweza kuuzwa, kurithishwa, hata kuchezewa kamari. Mtumishi alichapwa, hakuruhusiwa kuoa bila idhini ya bwana, na akitoroka aliongezewa muda. Katika karne ile yote, kama robo tatu ya Waingereza waliokwenda Virginia na koloni jirani la Maryland walikwenda hivyo, na wengi walikufa kabla ya mkataba kwisha.

Wenyeji waliona mashamba yanavyopanda mto mwaka hadi mwaka. Machi 22, 1622, Opechancanough, ndugu wa Wahunsenacawh aliyeshika uongozi baada yake, aliyashambulia makazi kwa siku moja na kuua watu 347, kama robo ya Waingereza wote. Kampuni haikuinuka tena. Mwaka 1624 mfalme aliivunja na kuichukua Virginia iwe yake moja kwa moja. Tangu 1607 walikuwa wamepelekwa watu zaidi ya 6,000, na waliokuwa hai hawakuzidi sana 1,200. Wenye hisa walipoteza fedha. Wenye mashamba walitajirika.

Waliotoka Ndongo

Katikati ya hayo ndipo inapoingia Agosti 1619. Rolfe aliandika London kwamba meli ya vita imefika Point Comfort, kwenye mdomo wa mto, ikiwa na Waafrika "ishirini na ushei", na kwamba gavana na mfanyabiashara mkuu wamewanunua kwa vyakula. Meli ilikuwa White Lion. Haikuwatoa Afrika yenyewe. Ilikuwa imewapora, ikisaidiana na meli nyingine iitwayo Treasurer, kutoka meli ya Kireno São João Bautista iliyoondoka Luanda, katika Angola ya leo, na mateka kama 350 ikielekea Veracruz, Meksiko. Walikuwa watu wa ufalme wa Ndongo na majirani zake, waliotekwa katika vita ambavyo gavana wa Kireno Luís Mendes de Vasconcelos alivipigana akisaidiwa na Waimbangala, wapiganaji wa Kiafrika. Walitoka katika nchi yenye miji, masoko na wakulima, na baadhi yao huenda walikuwa wameshabatizwa na mapadri wa Kireno.

Niongeze kwamba hawakuwa Waafrika wa kwanza katika ardhi ya Marekani ya leo. Wahispania walileta watumwa pwani ya kusini mwaka 1526, na mji wao wa St. Augustine, Florida, ulioanzishwa 1565, ulikuwa na Waafrika kabla Jamestown haijafikiriwa. Mwaka 1619 una uzito kwa sababu ni mwanzo wa kitu hicho katika makoloni ya Waingereza, ambayo ndiyo yaliyozaa sheria za nchi ile.

Je, walikuwa watumwa au watumishi wa mkataba? Hapa wanahistoria wamegombana kwa miongo mingi. Wanaosema watumishi wanatoa hoja kwamba sheria za Uingereza hazikuwa na kifungu kinachoeleza mtumwa ni nani, na kwamba wachache waliokuja mwanzoni walipata uhuru na ardhi. Wanaosema watumwa wanauliza swali rahisi: mkataba wao uko wapi? Mtu aliyefungwa minyororo Luanda hakusaini chochote. Kwenye orodha za miaka ya 1620 Waingereza wanaandikwa jina kamili, umri na meli waliyokuja nayo, ilhali Waafrika wengi wanaandikwa jina moja au hawaandikwi jina kabisa. Mwanamke mmoja, Angela, aliyeletwa na Treasurer, anaonekana mwaka 1625 katika nyumba ya kapteni William Peirce, na baada ya hapo karatasi zinanyamaza.

Mimi naona wa pili wana haki zaidi, ila wa kwanza wameona kitu cha kweli. Waafrika wale waliletwa kama watumwa, wakaangukia mahali ambapo hakuna aliyekuwa ameandika utumwa unaishia wapi. Mlango ulikuwa umerudishwa bila komeo. Mwenye bwana mwepesi, au ujuzi, au bahati ya kuishi, aliweza kuusukuma. Johnson alikuwa mmoja wao. Aliponea chupuchupu katika shambulio la 1622 kwenye shamba la Bennett, akamwoa Mary, Mwafrika mwenzake, akajikomboa, akahamia pwani ya mashariki ya ghuba ya Chesapeake, akalea watoto. Zile ekari 250 alizipata mwaka 1651 kwa utaratibu uleule wa nauli, kwa kudai watu watano. Mwaka 1653 moto ulipomuunguzia mali, mahakama ilimwonea huruma na kuwasamehe mkewe na binti zake kodi ya kichwa.

Lakini ngoja kwenye hiyo kodi. Kwa nini wanawake wale walikuwa wanadaiwa kodi? Kwa sababu mwaka 1643 Bunge la Virginia liliamua kwamba wanaolipiwa kodi ni wanaume wote na wanawake wa Kiafrika. Mwanamke wa Kiingereza hakuhesabiwa, maana ilichukuliwa kwamba kazi yake ni nyumbani. Mwafrika, awe huru au la, alihesabiwa kuwa ni nguvu ya shamba. Ni kifungu kidogo cha fedha, hakina neno "mtumwa" popote, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya mawe ya kwanza ya ukuta.

Hukumu na sheria

Jiwe jingine lilikuwa limeshawekwa na mahakama miaka mitatu kabla, mwaka 1640. Watumishi watatu wa Hugh Gwyn walitorokea Maryland wakakamatwa pamoja. Wote walichapwa viboko 30. Victor, Mholanzi, na James Gregory, Mskoti, waliongezewa miaka minne. Wa tatu, John Punch, "kwa kuwa ni mweusi", alihukumiwa kumtumikia bwana wake au warithi wake maisha yake yote. Kosa moja, siku moja, hukumu mbili. Kwa hiyo anayesema utumwa wa maisha ulianza na kesi ya Casor amechelewa miaka 15, na anayesema Johnson aliubuni hajasoma kilichokuwa kikitendeka jirani.

Kisha ikaja kesi iliyowashtua wenye mashamba kwelikweli. Elizabeth Key alizaliwa na mwanamke wa Kiafrika. Baba yake, Thomas Key, alikuwa Mwingereza na mjumbe wa Bunge. Baba alipofariki, Elizabeth alishikiliwa kupita muda aliopangiwa, mwishowe akahesabiwa katika mali za marehemu mwingine. Alikwenda mahakamani. Hoja zake zilikuwa nzito: baba yake alikuwa mtu huru, na katika sheria za Kiingereza mtoto hufuata hali ya baba, yeye ni Mkristo aliyebatizwa, na alipangiwa muda maalumu uliokwisha. Mwaka 1656 alishinda, akaolewa na wakili wake, William Grinstead.

Ukizisoma sheria za miaka iliyofuata huku ukikumbuka hoja za Elizabeth, utaona Bunge linaziziba moja baada ya nyingine. Desemba 1662 lilitunga kwamba mtoto atakuwa huru au mtumwa kwa kufuata hali ya mama yake peke yake. Mwaka 1667 likaongeza kwamba ubatizo haubadilishi hali ya mtu. Sababu waliyoiandika ni kwamba mabwana sasa watawafundisha watumwa dini bila wasiwasi.

Sheria ya 1662 inafaa kukaliwa, na msomaji wa pwani yetu ana kipimo chake cha kuipimia. Unguja na Mombasa zilikuwa na utumwa, na hakuna sababu ya kuupaka sukari. Mashamba ya karafuu hayakuwa harusi. Lakini kwa sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani, mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana alizaliwa huru, mwenye nasaba ya baba na haki ya kurithi. Sayyid Majid na Sayyid Barghash, waliotawala Unguja baada ya baba yao Sayyid Said, wote wawili walikuwa wana wa masuria. Kwa sheria ya Virginia wangezaliwa watumwa na kuorodheshwa pamoja na ng'ombe.

Waliotunga sheria ile walikuwa wenyewe wenye mashamba, na iliwanufaisha kwa njia tatu kwa mkupuo. Ilimwondolea bwana jukumu la kumtambua mtoto aliyemzaa na mjakazi wake. Iliugeuza uzazi wa mwanamke kuwa faida ya shamba. Na ilihakikisha utumwa unaendelea wenyewe hata meli zisipoleta watu wapya, jambo ambalo mkataba wa miaka saba usingeweza kufanya kamwe.

Mwaka 1669 sheria ilisema bwana akimuua mtumwa wakati wa kumwadhibu kwa ukaidi, hiyo si jinai, kwa hoja kwamba hakuna mtu anayeharibu mali yake mwenyewe kwa makusudi. Mwaka 1670 Mwafrika huru alikatazwa kununua mtumishi Mkristo mzungu. Mwaka huohuo Anthony Johnson akawa amekufa huko Maryland alikokuwa amehamia na familia yake, na jopo la wazee wa baraza huko Virginia likaamua kwamba ardhi aliyoiacha ichukuliwe, kwa kuwa alikuwa mweusi na kwa hiyo mgeni. Ni mtu yuleyule aliyeshinda kesi 1655.

Kwa nini hawakuendelea na wazungu

Hapa kuna swali ambalo watu hulipita. Mwaka 1671 Gavana William Berkeley alitoa taarifa kwamba Virginia ina watu 40,000, wakiwamo watumwa weusi 2,000 na watumishi wazungu 6,000. Sheria kali zilikuwa zimeshatungwa, lakini mikono mingi bado ilikuwa ya Kiingereza. Karne iliyofuata ilipofika katikati, Waafrika walikuwa kama watu wawili katika kila watano. Nini kilibadilika?

Kwanza hesabu. Miaka ya mwanzo mtumwa alikuwa ghali na vifo vilikuwa vingi. Kumnunua mtu wa maisha ambaye atakufa mwaka wa pili ilikuwa ujinga wa kibiashara. Vifo vilipopungua hesabu iligeuka. Wakati huohuo vijana wa Kiingereza walipungua, kazi nyumbani ziliongezeka, na waliotaka kuhama walikuwa na makoloni mengine ya kuchagua. Kisha Royal African Company, iliyopewa hati 1672, ilileta watu kutoka Afrika Magharibi, na ukiritimba wake ulipovunjwa 1698 kila mfanyabiashara wa Bristol na London akaingia. Baadaye kidogo, karibu 1720, hata meli kutoka Madagaska zilifika Virginia. Mfano wa namna ya kuwatawala watumwa wengi ulikuwepo tayari Barbados, kisiwa cha miwa cha Waingereza, kilichotunga kanuni kamili za utumwa mwaka 1661.

Pili hofu. Mtumishi aliyemaliza mkataba alitoka akiwa kijana, maskini, na mara nyingi ana bunduki. Ardhi nzuri kando ya mito ilikuwa imeshikwa na wakubwa. Mwaka 1676 hasira hiyo ilipata kiongozi, Nathaniel Bacon, kijana tajiri aliyegombana na Berkeley. Uasi wake mara nyingi husimuliwa kama siku weusi na wazungu maskini walipoungana dhidi ya matajiri, na sehemu hiyo ipo. Ila ulianza na madai ya kuwaua wenyeji na kutwaa ardhi yao, na wahanga wake wa mwanzo walikuwa Waoccaneechi na Wapamunkey, ambao hawakuwa na vita na koloni. Anayeutaka uasi huu uwe safi itabidi awafute hao.

Septemba 1676 waasi waliichoma Jamestown. Oktoba Bacon alikufa kwa kuhara damu. Kundi la mwisho lililokataa kuweka silaha chini, kwa taarifa ya kapteni Thomas Grantham, lilikuwa la Waafrika 80 na Waingereza 20. Grantham aliwaahidi uhuru, akawaingiza chomboni, akawarudisha kwa mabwana zao.

Sidhani kama wakubwa wa Virginia walikaa kikao usiku mmoja wakaamua kuwagawa watu kwa rangi. Mwelekeo ulikuwepo kabla, na hesabu ya fedha ingetosha. Lakini sheria zilizofuata zinasomeka kama za watu waliokumbuka wale 80 na 20. Mwaka 1680 Mwafrika alikatazwa kubeba silaha, kuondoka shambani bila cheti au kuinua mkono dhidi ya Mkristo. Mwaka 1691 mzungu aliyeoana na Mwafrika au mwenyeji aliamriwa kufukuzwa kolonini, na bwana aliyemwacha mtumwa huru alitakiwa kulipia usafiri wake kumtoa nje ya Virginia. Mwaka 1705 yote yalikusanywa katika sheria moja ndefu. Watumwa walihesabiwa kuwa mali isiyohamishika, wakarithiwa kama viwanja. Mtumishi mzungu alipata ulinzi: haruhusiwi kuchapwa uchi bila amri ya hakimu, na akimaliza mkataba apewe mahindi, fedha na bunduki. Ng'ombe, farasi na nguruwe waliokuwa wa watumwa walitaifishwa wakauzwa, na fedha zikapewa maskini wa parokia, yaani wazungu maskini. Mali ya mmoja ilihamishiwa kwa mwingine waziwazi, kwenye kitabu cha sheria.

Kaskazini mambo hayakuwa ya malaika. Massachusetts ndiyo iliyotangulia kuruhusu utumwa kwa maandishi, mwaka 1641, miaka mitatu baada ya meli yake Desire kurudi kutoka Karibi na Waafrika. Meli hiyo ilikuwa imepeleka huko mateka wa kabila la Wapequot wauzwe. Kilichoizuia isifanane na Virginia ni udongo na baridi zaidi kuliko dini.

Zile sheria hazikufutwa wakati wa uhuru wa Marekani. Thomas Jefferson, mwandishi wa tangazo la 1776, alikuwa Mvirginia, na nyumbani kwake Monticello alimmiliki Sally Hemings, mtoto wa mkwewe John Wayles aliyemzaa na mjakazi Elizabeth Hemings. Sally alikuwa basi dada wa marehemu mke wa Jefferson. Kipimo cha vinasaba kilichotangazwa 1998, pamoja na kumbukumbu za maandishi, vimewafanya wanahistoria wengi wakubali kwamba Jefferson ndiye baba wa watoto wa Sally. Watoto hao walitokana na baba wa Kizungu vizazi vitatu mfululizo na mama wa Kiafrika mmoja nyuma kabisa, na kwa kifungu cha Desemba 1662 walizaliwa watumwa wa baba yao. Beverly na Harriet waliachwa waondoke kimyakimya mwaka 1822. Madison na Eston walisubiri wosia, uliosomwa baada ya Jefferson kufa Julai 4, 1826. Na kwa kuwa sheria ya Virginia ya 1806 ilimtaka mtu aliyeachwa huru aihame Virginia ndani ya mwaka mmoja, wosia huo ulilazimika kuliomba Bunge liwaruhusu kubaki mahali walipozaliwa.